Maana ya flapu, na kwa nini flapu si breki

Flapu ni kipande cha ukingo wa nyuma wa bawa la ndege, kilicho upande wa karibu na kiwiliwili, kinachoshikiliwa kwa bawaba na kushuka kwa pamoja kushoto na kulia, ili bawa liweze kuibeba ndege katika mwendo wa polepole ambao lisingeuweza likiwa limenyooka. Maana ni hiyo, na kwa anayerusha ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti haibadiliki. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba neno hili sasa linabebeshwa mambo matatu tofauti: wapo wanaoita flapu kila kitu kinachocheza kwenye bawa, wapo wanaoziita hivyo eleroni, yaani vipande vya upande wa ncha za mabawa vinavyoibingirisha ndege, zikiwa zimeshushwa pamoja, na wapo, na hili ndilo linaloniuma zaidi, wanaolitumia kama jina jingine la breki.

Chanzo cha mkanganyiko kimo ndani ya neno lenyewe. Limetoka Kiingereza, na huko linaaminika kuwa lilizaliwa kwa kuiga mlio wa kitu bapa kinapopiga kitu kingine, kama sisi tunavyosema mtu amepigwa kofi pa! Baadaye likahamia kwenye kitu chochote bapa kinachoning'inia kwa upande mmoja tu: pazia la mlango wa hema, kifuniko cha mfuko wa shati, sehemu ya bahasha inayokunjwa na kugundishwa. Watu wa ndege walilichukua likiwa na maana hiyo. Wafaransa nao walichagua neno lao la ubao wa kufungia dirisha, na Wajerumani wakachagua lao la kifuniko chenye bawaba. Kwa hiyo lugha zote tatu zilitaja umbo la kitu, na neno lenyewe halikusema lolote kuhusu kazi yake. Jina lisipotaja kazi, kila mtu huipachika kazi anayoidhania. Linganisha na eleroni, ambalo ni neno la Kifaransa la kupunguza ukubwa wa bawa, kama Kiswahili kinavyoweza kusema kibawa; au spoila, ambayo kwa Kiingereza maana yake ni kiharibifu, na kweli kazi yake ni kuharibu nguvu ya bawa ya kuinua. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kampuni ya Fairey ya Uingereza iliweka vipande vya namna hii kwenye ndege yake ya Hamble Baby na kuviita mtambo wa mpindo. Jina hilo halikudumu, nami nasikitika kwamba halikudumu, kwa sababu lilikuwa limesema ukweli wote kwa maneno mawili.

Mpindo ndio hasa kiini cha jambo. Ukingo wa nyuma unaposhuka, bawa linakuwa limepinda zaidi kutoka mbele hadi nyuma, linaisukuma hewa nyingi zaidi kuelekea chini, na kwa hiyo uwezo wake wa juu kabisa wa kuinua unaongezeka. Mwendo wa chini kabisa ambao ndege inaweza kuruka bila kustoli, yaani bila hewa kubanduka juu ya bawa na kuliacha bila nguvu, unapungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha uwezo huo: uwezo ukiongezeka kwa asilimia 25, mwendo wa kustoli unashuka kwa takriban asilimia 11. Kwa ndege ndogo inayotua kwenye uwanja mfupi wa nyasi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Najua wanaosema breki watanijibu kwamba flapu zikishushwa ndege inapunguza mwendo, na hapo hawajakosea. Kila flapu huongeza ukinzani wa hewa. Katika nyuzi 10 hadi 20 za kwanza faida kubwa ni nguvu ya kuinua, na ndiyo sababu pembe hizo hutumiwa wakati wa kupaa, jambo ambalo lisingekuwa na maana yoyote kama flapu zingekuwa breki, kwa kuwa hakuna anayeanza safari akiwa amekanyaga breki. Kuanzia nyuzi 40 hivi na kuendelea, nguvu ya kuinua huongezeka kidogo sana huku ukinzani ukipanda kwa kasi, na ndege inaweza kushuka kwa mteremko mkali bila kukimbia. Ndege ya kivita ya Spitfire ilikuwa na flapu za hali mbili tu, juu kabisa au chini kwa nyuzi 85, na anayeunda mfano wake mdogo kwa uaminifu anakutana na ukinzani huo waziwazi. Lakini hata hapo bawa linabeba kwa mwendo mdogo zaidi kuliko lilivyobeba flapu zikiwa juu. Spoila hufanya kinyume chake: inainuka juu ya bawa, inavuruga hewa, na ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi ili isianguke. Vitu viwili vinavyosogeza mwendo wa kustoli katika pande zinazopingana haviwezi kuitwa kwa jina moja.

Ningeliacha suala hili kama lingekuwa la maneno tu. Kosa la neno huhamia kwenye vidole. Mtu anayeamini kwamba ameshika breki huzishusha flapu zote ndege ikiwa bado inakimbia, na matokeo yake ndege inapaa ghafla badala ya kushuka, huku meno ya sevo, yaani kimota kinachosogeza kipande cha bawa, na bawaba zikibeba mzigo ambao hazikuundwa kuubeba. Mbaya zaidi ni pale anapoghairi kutua. Anaongeza nguvu ya mota na papo hapo anaachia breki, yaani anazipandisha flapu zote, ndege ikiwa chini na ikienda polepole. Mpindo uliokuwa unaibeba unatoweka mara moja, na ndege inazama kabla mwendo haujaongezeka. Anayejua kwamba flapu ni sehemu ya nguvu ya bawa hutanguliza mwendo kwanza, kisha huzipandisha kwa hatua.

Kuhusu eleroni sina maneno mengi. Eleroni ziko upande wa ncha za mabawa na kila moja huenda kinyume cha mwenzake ili ndege ibingirike kushoto au kulia. Flapu huenda pamoja. Ndege isiyo na flapu zake yenyewe inaweza kupangwa eleroni zake zishuke pamoja, na mpango huo huitwa flaperoni, jina lililoshonwa kutoka maneno yote mawili. Zinasaidia, lakini si flapu kamili. Kipande cha nje cha bawa kikishushwa, ncha za bawa ndizo zinazokaribia kustoli mapema, na bawa linalostoli kuanzia nchani huiangusha ndege upande mmoja. Isitoshe, eleroni ambazo tayari ziko chini hupungukiwa na uwezo wa kuiongoza ndege wakati uleule unapouhitaji zaidi. Nyuzi chache zinatosha, na marubani wengi wa ndege nyepesi za povu wangekuwa salama zaidi bila hizo kabisa.

Mkanganyiko huohuo hujitokeza wakati wa kufunga waya. Sevo mbili zilizowekwa kwenye mabawa mawili kama mtu na kivuli chake kiooni, zikiunganishwa kwa waya wenye tawi mbili kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya amri kutoka kwenye rimoti, huvipeleka vipande vyao pande zinazopingana. Kwa eleroni hilo ndilo linalotakiwa. Kwa flapu ni hatari, kwa kuwa moja itashuka na nyingine itajaribu kupanda. Njia salama ni kuipa kila flapu chaneli yake, kuichagulia rimoti aina ya bawa lenye eleroni mbili na flapu mbili, kugeuza mwelekeo wa sevo moja, kisha kulinganisha miisho ya mwendo kwa rula mpaka kingo zote mbili zishuke kwa kiasi kilekile katika kila hali ya swichi. Mkono wa sevo nao usiwekwe wima flapu zikiwa juu kama ilivyo kwa eleroni. Flapu huenda upande mmoja tu, na ukiuweka wima umetupa nusu ya mwendo wa sevo pamoja na nguvu yake. Uuegemeze ili katikati ya mwendo wa sevo, penye mpigo wa ishara ya rimoti wa mikrosekunde 1500 hivi, flapu ziwe karibu nusu ya safari yao. Na mwendo huo uupunguze kasi ndani ya rimoti, uchukue sekunde mbili au tatu, ili badiliko la mpindo lisiishtue ndege.

Pua ya ndege kupanda flapu zinaposhuka pia huelezwa vibaya, eti ni breki inayovuta nyuma. Flapu yenyewe huelekea kuinamisha pua. Kinachoiinua ni hewa inayosukumwa chini na bawa, ambayo hufika kwenye mkia na kuukandamiza, na katika ndege nyingi zenye bawa juu ya kiwiliwili nguvu hiyo ya mkia ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana tunaifunza rimoti ishushe kidogo elevata, kipande cha mkia kinachoinua na kuinamisha pua, flapu zinaposhuka, na ndiyo maana kiasi chake hakiwezi kupatikana mezani. Hupatikana angani, kwa urefu wa kutosha kujiokoa, mota ikiwa imepunguzwa: shusha flapu nusu, tazama pua, rekebisha, kisha shusha zote na urudie, kwa sababu kiasi kinachofaa nusu mara nyingi hakifai mwisho.

Kuna hali moja ambayo neno breki nalikubali bila kinyongo. Katika ndege zisizo na mota, eleroni hupandishwa na flapu hushushwa kwa nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Ncha za mabawa zinapunguziwa mzigo, sehemu ya ndani inajaa ukinzani, na ndege inashuka kwa mteremko ambao mtu angeuogopa bila mpango huo. Hiyo ni breki kweli, lakini ni ya vipande vyote vinne vikifanya kazi pamoja. Kwa hiyo mwenzako akisema ameweka breki kwa swichi ya flapu, usimkatize. Ndege ikishatua, mwulize kwa upole kama eleroni zake nazo zilikuwa zimepanda, na kama hazikupanda, mwambie kwamba alichoweka ni flapu.