Wiki nane kwenye ofisi ya mchapishaji mdogo

Kila Julai swali la siku ya kwanza ni lilelile. Mwanafunzi wa chuo anayekuja kwetu kwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, anaingia, anaamkia watu wote, anapewa kiti. Anazungusha macho kwenye meza zetu nne na rafu zilizojaa miswada, kisha ananisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Dada, mashine ziko wapi?"

Hatuna mashine. Sisi ni wachapishaji. Mwenye mitambo, wino na karatasi ni mchapaji; unampelekea faili na fedha, anakurudishia vitabu. Mchapishaji ndiye anayeamua kwamba kitabu fulani kiwepo. Anaingia mkataba na mwandishi, anahariri, anatafuta mchoraji, analipa gharama zote kabla hata nakala moja haijauzwa, na hasara ikija ni yake. Maneno yenyewe yamepishana kwa silabi moja, na karibu nusu ya barua za maombi ninazopokea zinayachanganya. Simlaumu mtu. Hakuna mahali alipofundishwa.

Nimekuwa mhariri kwa miaka kumi na tano. Ofisi yetu hapa Dar es Salaam ina watu sita, pamoja na mzee wetu wa stoo. Tangu vitabu vya kiada viwe kazi ya Taasisi ya Elimu Tanzania, wachapishaji binafsi wadogo kama sisi tunaishi kwa vitabu vya ziada, hadithi za watoto, riwaya, na kitabu kimoja kimoja cha historia au cha kumbukumbu za mtu. Kila mwaka tunapokea wanafunzi wawili wa fildi, wengi wao wa Kiswahili au fasihi, kwa wiki nane. Wanafunzi na walimu wao wananiuliza mara kwa mara wanafunzi hao wanafanya nini hapa, kwa hiyo leo naeleza kirefu.

Kwanza niseme ninachokiamini. Mwanafunzi wa fildi apewe kitabu kimoja, akifuate kutoka mezani kwa mhariri mpaka dukani. Kampuni kubwa haziwezi kumpa hicho, kwa sababu mhariri yuko ghorofa moja, mauzo ghorofa nyingine, na stoo iko upande wa pili wa jiji. Kwetu vyote viko ndani ya chumba kimoja na nusu. Mimi mwenyewe nilifanya fildi katika ofisi kubwa, na wiki nane zote niliziishia ukumbini kwenye mashine ya kutoa kopi. Mwishoni msimamizi aliandika kwenye logibuku yangu, daftari la kazi za fildi, kwamba "ameshiriki kikamilifu katika shughuli za uhariri", akapiga muhuri. Nilikuwa sijashika mswada hata mmoja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na nilipopata ofisi ya kuongoza nilijiapia kwamba sitamsainia mtu uongo wa namna ile.

Wiki ya kwanza ni ya kusoma. Tunapokea miswada mingi kuliko tunavyoweza kuchapisha, na kila mmoja unastahili jibu. Mwanafunzi anasoma mitatu au minne na kuniandikia ukurasa mmoja kwa kila mswada: unahusu nini, nani atatoa fedha yake kuununua, na ni ukurasa gani aliotamani kuuacha. Hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta. Wanafunzi wa fasihi huja na dhamira, ujumbe, falsafa na wahusika bapa, mambo ambayo mimi pia niliyasoma. Lakini akiniandikia "nilichoka ukurasa wa 41, baada ya harusi, kwa sababu kila mtu ameshapata alichokitaka", basi ameniambia jambo ninaloweza kumpelekea mwandishi.

Hapo hapo namfundisha kutunza siri. Mswada ni mali ya mwandishi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda kabla kitabu hakijachapishwa. Kuutuma kwa rafiki kwenye WhatsApp, hata kwa nia njema ya kusifia, ni kosa. Faili likishatoka halirudi.

Kisha inakuja prufu, na hapa tunakaa muda mrefu, maana ndipo mtu anapoijua lugha yake upya. Prufu ni kurasa zilizokwisha kupangwa, zilizotolewa ili zikaguliwe kwa mara ya mwisho. Tunazisoma watu wawili, kwa sauti. Mmoja ameshika mswada uliohaririwa, mwingine ameshika prufu na kalamu nyekundu, na anayesoma anatamka kila kilichopo: "Aya mpya. Fungua usemi. Baba, mkato, nimechoka, nukta. Funga usemi." Saa moja ya kazi hiyo inachosha kuliko kulima. Jicho linalosoma kimya hukamilisha lenyewe kilichokosekana. Sikio halifanyi hivyo.

Makosa yenyewe ni ya aina yake kwa Kiswahili. Programu ya kupangia kurasa ikiachwa kwenye mpangilio wa Kiingereza, inakata maneno mwisho wa mstari mahali pasipostahili. Inaandika "nyum-ba" badala ya "nyu-mba", na "chak-ula" badala ya "cha-kula". Alama ya ng' inageuka kichwa chini au inapotea kabisa, na ng'ombe anabaki "ngombe". "Kwa ajili" inashikana kuwa neno moja. Mezani tuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, pamoja na daftari letu wenyewe la kurasa tisa linaloamua pale ambapo njia zote mbili zinakubalika. Kwa mfano, sisi tunaandika mswada kwa kitabu na muswada kwa Bunge. Wengine wanafanya vingine. Muhimu ni kitabu kizima kishike njia moja, na mwanafunzi ndiye mlinzi wa daftari hilo kwa wiki zote nane.

Mwaka juzi tulikuwa na hadithi ya watoto kuhusu mvulana anayekwenda baharini na babu yake. Nilikuwa nimeihariri mara tatu. Mchoraji, kijana hodari sana wa bara, alikuwa amekamilisha picha zote, na faili lilikuwa tayari kwenda kwa mchapaji siku ya Ijumaa. Jumatano jioni mwanafunzi wetu mmoja, binti mkimya aliyekulia Kilwa, alikuja na ukurasa wa 9 mkononi. "Samahani dada. Hapa pameandikwa ngalawa. Lakini hii haina matengo."

Nikatazama. Chombo kilichochorwa kilikuwa kizuri, tanga limejaa upepo, babu ameshika usukani. Kando zake hapakuwa na kitu. Ngalawa ina mbao mbili zinazoelea, moja kila upande, zimeshikiliwa na miti inayopita juu ya chombo. Ndizo zinazokizuia kisipinduke. Ukiziondoa unabaki na mtumbwi wenye tanga. Mtoto yeyote wa pwani angeliona kosa lile kabla hajamaliza kusoma sentensi, na mtoto wa bara angefundishwa uongo. Mimi nimezaliwa Iringa, na kwenye meza ile hapakuwa na mtu wa pwani ila yeye. Tulimpigia mchoraji, binti akamwelekeza kwa simu mti upite wapi na ubao ukae vipi, akamchorea mchoro wa penseli na kumtumia picha yake. Kitabu kilichelewa siku nne. Naomba walimu wa vyuo walifikirie hili wanapotuandikia kwamba mwanafunzi "anakuja kujifunza": huja pia na bahari yake, shamba lake na lugha ya nyumbani kwao, na ofisi ya watu sita inavihitaji hivyo vyote.

Wiki ya nne ni ya hesabu, na wengi huja wakidhani wameziacha sekondari. Nampa karatasi moja, naye anaikunja katikati mara tatu. Anapata majani manane, yaani kurasa 16. Anaziandika namba kwa penseli, kisha anaikunjua na kustaajabu: ukurasa wa 1 umelala pembeni ya wa 16, na nyingine zimesimama kichwa chini. Hivyo ndivyo kitabu kinavyochapwa, kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa na kukatwa, na ndiyo maana idadi ya kurasa haiamuliwi na hadithi peke yake.

Riwaya moja ilitufikia kwenye prufu ikiwa na kurasa 164. Mafungu kumi, yaani karatasi kumi zilizokunjwa hivyo, ni kurasa 160. Kurasa nne za ziada zingetulazimisha kwenda fungu la kumi na moja, kurasa 12 zikibaki tupu, au kulipia kipande kidogo chenye gharama zake za kuchapa na kufunga. Nilimwachia mwanafunzi azitafute hizo nne. Alikaa nazo siku mbili. Sura ya sita iliishia kwa maneno mawili yaliyokaa peke yao juu ya ukurasa mweupe: "akaondoka zake." Ukipunguza mstari mmoja nyuma yake, ukurasa mzima umeokoka. Lakini mstari ni wa mwandishi. Ikabidi apige simu mwenyewe, mkono ukimtetemeka, kwa mzee ambaye ni mwalimu mstaafu: "Shikamoo mwalimu. Naomba ruhusa yako tuondoe sentensi moja." Mzee akamwuliza kwa nini ile na si nyingine, wakajadiliana nusu saa. Alipokata simu, pamoja na mbili alizokwisha kuzipata kwa njia hiyohiyo, alikuwa na kurasa tatu. Ya nne aliipata kwenye shukrani.

Somo la ISBN, namba ya utambulisho ya kila kitabu, ni fupi. Hapa namba hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Tarakimu ni 13, na baada ya 978 vitabu vya Tanzania huanza na 9976, 9987 au 9912. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: unazidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana, unajumlisha, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Mwanafunzi huifurahia hesabu hiyo, lakini namwonya asiitegemee peke yake. Ukibadilishana mahali tarakimu mbili jirani zilizopishana kwa 5, tuseme 7 na 2, jumla inatoka sawasawa na kosa halionekani. Dawa ni kuweka jalada na ukurasa wa hakimiliki sambamba na kusoma tarakimu mojamoja kwa kidole.

Sehemu ambayo wanafunzi hawaipendi, na mimi siwaachii, ni stoo na maduka. Wanapanda daladala na mzee wetu wa stoo kwenda Kariakoo na Posta kuhesabu vitabu tulivyoviacha kwa mali kauli: duka linachukua nakala, linalipa zikishauzwa, zisizouzwa zinarudi. Huko anakiona kitabu kilichomchosha macho mwezi mzima kimefunikwa na madaftari kwenye rafu ya chini, au kimefifia jalada kwa jua la dirishani. Anamsikia mama anayekishika, anageuza nyuma, anaangalia bei, anakirudisha. Akirudi ofisini hazungumzii tena jalada kama alivyolizungumzia mwanzo.

Na anaoneshwa fedha. Chukua kitabu cha shilingi 10,000, kwa hesabu zetu za kawaida. Duka linabaki na 3,500. Mchapaji amekula 3,000. Mrabaha wa mwandishi ni 1,000. Zinabaki 2,500, na ndani yake atoke mchoraji, mpanga kurasa, pango, umeme, usafiri na mishahara yetu. Ukichapa nakala 1,000 na kuziuza zote, hizo ni shilingi milioni mbili na nusu. Na kuziuza zote huenda kukachukua miaka miwili. Namwonesha waziwazi kwa sababu siku moja atakuwa mwandishi, mwalimu au mnunuzi wa vitabu vya shule, na ajue kitabu kinapopata homa kinaumwa wapi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotajwa kila mara kampuni ndogo zinapoulizwa mbona mwanafunzi halipwi. Nakubali hatuwezi kumpa mshahara. Sikubali kwamba aje kwa fedha yake. Anayetoka Chanika au Mbagala anapanda daladala mbili kuja na mbili kurudi, na asipokula mchana hawezi kusoma prufu. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wana fungu lao la mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo hana kitu. Sisi tunatoa nauli na chakula cha mchana kwa wote wawili, kila Ijumaa, kwa kusaini, na tunaingiza gharama hiyo kwenye bajeti ya kitabu wanachokifuata, sawa na wino. Kampuni isiyoweza kufanya hivyo kwa wawili ichukue mmoja.

Kwa wanaotaka kuomba: barua ya chuo ije kabla Machi haijaisha, kwa sababu Aprili ndipo ninapopanga kitabu gani kitakuwa kwenye prufu Julai, na napenda kukioanisha na mtu. Cheti cha matokeo si lazima. Niandikie ukurasa mmoja kuhusu kitabu chochote cha Kiswahili ulichokisoma mwaka huu bila kulazimishwa na mwalimu, na uniambie ni ukurasa gani uliokuchosha na kwa nini. Eleza pia umekulia wapi, na nyumbani kwenu watu wanafanya kazi gani. Mwakani tuna hadithi ya wafuga nyuki, na humu ofisini hatuna hata mmoja aliyewahi kushika mzinga.