Rada haisikii: juu ya herufi tuliyoiangusha

Mara ya kwanza ilikuwa kwa kinyozi, karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Kijana aliyekuwa kwenye kiti alisoma kwa sauti kutoka kwenye simu yake kwamba siku hizi kuna rada inayosikia moyo wa mtu aliye chumba cha pili. Mara ya pili ilikuwa darasani kwangu, kidato cha tatu. Mwanafunzi ninayemtegemea aliandika kwamba rada ni "kifaa cha kunasa sauti kutoka mbali". Mara ya tatu ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Jirani yangu hapa mtaani Kikuyu, bibi aliyevuka miaka sabini, ameletewa na mwanawe kifaa kidogo cheupe kilichotundikwa juu ya kitanda. Kazi yake ni kufuatilia upumuaji wake usiku kwa rada. Wageni wakija, bibi anakifunika kwa kitenge na kushusha sauti. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu: "Mwalimu, hiyo si rada? Rada inanasa kila kitu."

Maana yenyewe ni fupi. Rada ni chombo kinachorusha mawimbi ya redio, kikangoja yale yanayorudi baada ya kugonga kitu, kisha kikapima kitu hicho kiko umbali gani na kinasogea vipi. Mengine yote tunayoyasikia, ndege, mvua, pumzi, moyo, maneno, ni hesabu zinazofanywa juu ya kipimo hicho.

Shida imeanzia kwenye jina. Neno la Kiingereza radar lilibuniwa katika jeshi la wanamaji la Marekani mwaka 1940, kwa kuokota herufi kutoka radio detection and ranging, yaani kutambua kitu na kupima umbali wake kwa redio. Waingereza walikuwa na jina lao wenyewe, RDF, na hawakuliacha mpaka mwaka 1943. Tazama herufi zinavyogawana kazi. R na A za mwanzo ni redio, D ni kutambua, A ni "na", halafu ile R ya mwisho ndiyo inayobeba kupima umbali. Neno lilipoingia Kiswahili lilifanyiwa kama tunavyoyafanyia maneno mengi ya kigeni: lugha yetu hupenda neno liishie kwa irabu, basi R ya mwisho ikaangushwa na tukabaki na rada. Hakuna kosa hapo, na silitaki neno jingine. Lakini kila mwaka nikiliandika ubaoni naona kwamba herufi tuliyoiangusha ndiyo ile ya kupima, na maana nayo imeifuata. Katika masikio yetu rada imebaki kuwa kitu cha kugundua tu.

Tofauti ya kugundua na kupima si ndogo. Mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha huko Cologne, kando ya mto Rhine, kifaa kilichotuma mawimbi ya redio na kupiga kengele meli ilipokuwa mbele yake. Kilijua kwamba meli ipo. Umbali wake hakikuupima, na wenye meli hawakukitaka. Ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla mataifa hayajaona thamani ya wazo lile, na kufikia hapo umbali ulikuwa umeshakuwa kiini cha kazi.

Sisi Watanzania tuna sababu yetu ya ziada ya kulielewa neno hili nusunusu. Wengi hatukulijua kwanza kama chombo, tulilijua kama habari ya fedha. Rada ya kuongozea ndege iliyonunuliwa kwa kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilileta mjadala wa miaka, na mwaka 2012 kampuni hiyo ikailipa nchi pauni milioni 29.5, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Watu wakaziita "chenji ya rada". Kuna kizazi kizima kinachojua chenji ilivyotumika kuliko kinavyojua rada inafanya nini.

Halafu kuna kitenzi. Tunasema rada "imenasa", na nadhani hapa ndipo bibi alipopotezwa. Kunasa ni kazi ya mtego na ulimbo. Mtego hautoki kwenda kumtafuta ndege, unakaa unangoja. Ndiyo maana kinasa sauti ni jina zuri kabisa kwa kile chombo cha kurekodia: kimetulia, mawimbi ya sauti yanakijia hewani, kinayashika. Hakirushi chochote. Chumba kikiwa kimya, hakina cha kushika. Rada ni kinyume chake kwa kila hatua. Inaanza yenyewe kurusha, na inachokichunguza ni wimbi lake lenyewe lililorudi. Ukisimama chini ya miamba ya kilima cha Mlimwa ukapaza sauti, mwangwi unaokurudia ni sauti yako, si ya mwamba. Mwamba umeibadilisha kidogo tu, na mabadiliko hayo ndiyo yanayokupa habari zake.

Madereva wamepata jina zuri kuliko sisi wa vitabu. Ukisafiri barabara ya Morogoro, kuanzia Kibaigwa hadi Gairo, utasikia dereva akisema amepigwa tochi, maana yake trafiki amempima mwendo. Baadhi ya vifaa hivyo hutumia rada na vingine mwanga wa leza, lakini jina linavifaa vyote. Tochi inamulika kwanza, kisha inangoja kinachorudi. Laiti bibi angeambiwa kwamba juu ya kitanda chake kuna tochi isiyotoa mwanga wa kuonekana, angekielewa kifaa kile siku ya kwanza.

Sasa, tochi hiyo inapimaje pumzi? Vifaa vingi vya chumbani hutumia mawimbi ya gigahezi 24 au 60, yaani mawimbi bilioni 24 au 60 kwa sekunde. Tuchukue 60. Wimbi moja lina urefu wa milimita 5. Kifua kikipanda milimita 2.5 kuelekea kwenye kifaa, safari ya kwenda na kurudi imepungua milimita 5, yaani wimbi limesogea mzunguko mzima. Kifua kikipanda robo ya milimita tu, wimbi limesogea sehemu moja ya kumi ya mzunguko, na vifaa vya kielektroniki vya siku hizi vinaiona tofauti hiyo bila taabu. Pumzi huinua ngozi ya kifua milimita kadhaa. Pigo la moyo huitikisa kwa sehemu ndogo ya milimita. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100, kwa hiyo kompyuta hutenganisha mtikisiko wa polepole na ule wa haraka.

Nimesema ngozi, na nimekusudia. Mawimbi ya gigahezi 60 hayaingii mwilini hata milimita moja. Mwili una maji mengi, na maji huyazuia. Kwa hiyo rada hiyo haijauona moyo, wala haijausikia. Imeona ngozi iliyo juu ya moyo ikitetemeka. Haijui presha yako, haijui oksijeni iliyo kwenye damu, na ukijigeuza kitandani kipimo kinavurugika mpaka utulie tena. Muuguzi anayekushika kifundo cha mkono na kuhesabu anafanya kazi ya aina hiyohiyo: anahesabu mdundo unaofika juu ya ngozi.

Mawimbi marefu zaidi hupenya zaidi, na hapo ndipo rada imeokoa watu. Baada ya tetemeko la Nepal la mwaka 2015, kifaa kiitwacho FINDER, kilichobuniwa katika maabara ya JPL ya NASA, shirika la anga la Marekani, kilitumika katika mji wa Chautara kutafuta dalili za pumzi na mapigo ya moyo chini ya kifusi, na wanaume 4 wakatolewa wakiwa hai. Hawakuhitaji kupiga kelele. Ilitosha kwamba walikuwa wakipumua.

Na maneno? Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu bibi hakukosea kila kitu. Weka kiganja juu ya ngozi ya ngoma ya muheme wakati kina mama wa Kigogo wanapiga. Hata ukiwa umeziba masikio, mdundo utaujua. Kiganja hakijasikia, kimepokea mtikisiko. Rada yaweza kuwa kiganja hicho bila kugusa. Mtu anapozungumza koo lake hutetemeka, na simu inapotoa sauti sikioni mwako mwili wa simu hiyo nao hutetemeka, kwa kiasi kidogo mno kuliko kifua kinavyopanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walionyesha mwaka 2022 kwamba rada inaweza kutambua maneno machache yaliyochaguliwa kabla kutokana na mtetemo wa simu. Mwaka 2025 wakafika umbali wa hadi mita 3, kwa msamiati mpana zaidi, na usahihi wa hadi asilimia 60 hivi, tena kwa msaada wa programu inayokisia maneno.

Inakisia kwa sababu mtetemo si neno. Tamka paka, taka, kata, saka, huku umeweka kidole kooni. Utasikia koo likivuma kwenye irabu tu, kwa maana p, t, k na s hutoka bila koo kutetemeka. Kwa rada inayotazama koo, maneno hayo manne yanafanana sana. Kinasa sauti cha bei ndogo kabisa kisingeyachanganya.

Kuna kisa cha zamani kinachokaa katikati ya rada na kinasa sauti. Tarehe 4 Agosti 1945, watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Ndani yake mlikuwa na kifaa kilichobuniwa na mvumbuzi wa Kirusi Léon Theremin, kisicho na betri wala waya wa umeme. Kilimulikwa kwa redio kutoka nje, na utando wake mwembamba uliotikiswa na sauti za chumbani ulibadilisha wimbi lililorudi. Kiligunduliwa mwaka 1952. Hakikuwa rada, kwani hakikupima umbali wowote. Lakini wazo la kumulika kitu kinachotikisika ni lilelile.

Kwa nini nalishikilia neno kiasi hiki? Kwa sababu neno ndilo linaloamua swali tutakalouliza. Vifaa hivi vitazidi kuja, kwenye magari, hospitalini, majumbani. Tukiuliza "kinasikiliza?", muuzaji atajibu kwa haki kabisa kwamba hapana, hakina hata maikrofoni. Tutaridhika na kurudi nyumbani, na kifaa kitaendelea kuandika usiku kucha nani yumo chumbani, amelala saa ngapi, pumzi yake ikoje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa na Bunge hapa Dodoma mwaka 2022, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ila huwezi kudai ulinzi wa kitu ambacho hujui kimechukuliwa. Swali linalofaa ni: kinapima nini, na vipimo vinakwenda kwa nani?

Jumapili nilikwenda kwa bibi. Nilimwamkia, tukakaa barazani, nikamwambia asihangaike kushusha sauti, kifaa chake hakikutengenezwa kwa maneno. Nikamwambia pia kwamba kitenge hakikizuii, kwa kuwa mawimbi hayo hupita kwenye nguo, na ndiyo maana kinamfuatilia hata akiwa amejifunika blanketi. Nikamwomba asiseme tena kinanasa, aseme kinapima.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo nikinyamaza, kinapima nini?"

"Pumzi yako, bibi. Na mwanao anaziona namba hizo kwenye simu yake huko Dar."

Akasema atamuuliza mwanawe ni nani mwingine anayeziona.