MGB itatuzika sote. Nina wasiwasi na magari ya juzi

Kuna swali ambalo wazee wenye magari huniletea pamoja na gari lenyewe. Hulitoa mwishoni, tukishamaliza habari za breki na oili, mikono wameifunga nyuma: "Fundi, sisi tukiondoka, haya magari yataendeshwa na nani?" Wengine hujijibu kabla sijafungua mdomo. Vijana wa leo, husema, wanataka gari linalojiendesha lenyewe, klachi hawaijui, na kuchafua mikono hawataki.

Kazi yangu ni kufufua na kutunza magari ya spoti ya zamani, na nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa ninayoyaona mezani kwangu, mapenzi ya vijana sina shaka nayo. Shaka yangu ni magari yapi watayapenda, na kama sisi wenye ujuzi na wenye funguo tuko tayari kuwaachia.

Mapenzi ya gari huanza utotoni. Waliokuwa wadogo Jaguar ilipoitoa E-Type mjini Geneva mwaka 1961, mpaka leo wakiiona boneti ile ndefu hunyamaza. Aliyezaliwa miaka ya 1990 ukimwonyesha E-Type hiyo hiyo ataisifu, kama mtu anavyosifu harusi ya jirani, kisha atakuuliza kama umewahi kuendesha Nissan Skyline GT-R. Gari hilo alilijua kwenye michezo ya video miguu yake ikiwa bado haifiki kwenye pedali. Marekani, ambako gari ambalo halikutengenezwa kwa kufuata sheria za huko huweza kuingizwa likishatimiza miaka 25, vijana walihesabu miezi mpaka Skyline R34 za mwanzo, za mwaka 1999, zilipotimiza umri huo mwaka 2024. Mtu anayejua mwezi ambao gari lilitoka kiwandani utamwambiaje hajali magari ya zamani? Anajali sana. Zamani yake ndiyo iliyoanzia kwingine.

Hata hivyo zamani hizo mbili hazijatengana kama wazee wanavyodhani. Mazda walipoonyesha MX-5 ya kwanza mjini Chicago mwaka 1989, walikuwa wamechota wazi wazi kwa magari madogo ya Uingereza ya miaka ya 1960, hasa Lotus Elan ya mwaka 1962: viti viwili, turubai la kukunja, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito mdogo kuliko kitu kingine chochote. Nimewaona vijana walioanza na MX-5 wakaja baadaye kuniulizia babu yake.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua, ambacho ni kinyume cha kile kinachowasumbua wazee. Wao wanaiogopea MGB, lile gari dogo la spoti la Uingereza. Mimi nasema MGB itatuzika sote.

Zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni kati ya mwaka 1962 na 1980. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa bodi zake mpya kabisa, na hilo ni jambo kubwa, maana kutu ndiyo muuaji wa magari yale, si injini. Vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba gari lile halina siri. Ukifungua boneti unaona kila kitu, na kila unachokiona kinaonyesha kinavyofanya kazi.

Chukua kabureta zake za SU. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, na chini ya pistoni hiyo inaning'inia sindano iliyochongoka, imeingia ndani ya jeti, yaani tundu linalopitisha petroli. Pistoni ikipanda inapanda na sindano, na kwa kuwa sindano imechongoka, nafasi ya petroli kupita inaongezeka. Basi, kabureta ndiyo hiyo. Ukitaka kujua mchanganyiko wa hewa na petroli ukoje, iache injini ingurume taratibu, kisha inua pistoni kidogo mno, chini ya milimita moja. Injini ikiongeza kasi ikabaki hapo, petroli imezidi. Ikitaka kuzimika, petroli imepungua. Ikiinuka kidogo halafu ikarudi ilipokuwa, ondoa mkono wako, usiguse tena. (Hapo ndipo wengi huharibu. Huwa hawaamini kwamba wamemaliza.)

Na kwa kuwa kabureta ziko mbili, lazima zivute hewa sawasawa. Wapo wanaotumia geji. Mimi hutumia kipande cha mpira wa bomba: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, nasikiliza mvumo, nahamia ya pili. Mivumo ikilingana, kazi imekwisha. Binti mmoja aliyekuja kujifunza kwangu nilimfundisha jambo hilo mchana mmoja. Wiki iliyofuata akaniambia kabureta ya nyuma inavuma zaidi kuliko ya mbele, nami sikuwa nasikia tofauti yoyote. Tukaweka geji. Alikuwa sahihi. Masikio yangu yameshakula kelele nyingi mno.

Ujuzi unaoweza kufundishwa mchana mmoja, kwa kipande cha mpira, haufi kirahisi. Ninachokiogopea ni magari ambayo vijana wenyewe wanayapenda, yale ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Hayo yana kompyuta ya injini, na kompyuta haivumi.

Ugonjwa wake unaojulikana zaidi ni kapasita. Ndani ya kisanduku cha kompyuta hiyo kuna vidude vidogo vya duara vyenye majimaji ya kemikali. Baada ya miaka ishirini, thelathini, vinavuja, na majimaji yale yanaanza kula njia nyembamba za shaba zilizochorwa kwenye bodi ya umeme. Mitsubishi za spoti za enzi hizo zinafahamika sana kwa tatizo hili, lakini haziko peke yake. Dalili hubadilika kila siku: leo gari linawaka vizuri, kesho linatetemeka, keshokutwa linazima likipata moto. Fundi anabadilisha plagi, koili, sensa, pampu ya petroli, mwenye gari anazidi kuishiwa, na wakati wote mgonjwa amelala chini ya zulia au nyuma ya dashibodi, hajaguswa na mtu.

Hali hiyo haichagui gari. McLaren F1, mojawapo ya magari yanayoheshimika kuliko yote duniani, yalitengenezwa 106 tu miaka ya 1990. Mwaka 2016 ilifahamika kwamba McLaren wenyewe walikuwa bado wanazitegemea kompyuta za mkononi za Compaq za miaka hiyo hiyo ili kuyahudumia, kwa sababu programu ya gari ilihitaji kadi maalumu iliyoingia kwenye kompyuta hizo. Hebu fikiria: gari la thamani ile, na uhai wake unategemea kompyuta ambayo mtu mwingine angeshaitupa.

Viwanda vimeanza kuliona hilo. Mwaka 2017 Mazda walitangaza mpango wa kufufua MX-5 za kwanza nchini Japani, wakarudisha hata matairi ya mtindo wa awali. Nissan, mwaka huo huo, walianza kutengeneza upya vipuri vya Skyline GT-R R32, na Toyota wakafuata mwaka 2020 kwa Supra. Porsche walikwenda mbali zaidi. Kilipokosekana kipande cha kuachia klachi cha 959, gari ambalo yalitoka 292 tu, hawakufufua kiwanda kizima kwa ajili ya kipande kimoja. Walikichapisha kwa kuyeyusha unga wa chuma kwa leza, tabaka juu ya tabaka.

Na hapa ndipo vijana wananipita. Binti yule wa kabureta ndiye anayefungua kompyuta za magari katika gereji yangu. Anang'oa kapasita, anasafisha bodi, anarudishia njia iliyoliwa kwa waya mwembamba kama unywele, na kazi yangu ni kumshikia tochi. Ikishindikana kabisa, anafunga kompyuta mpya inayokubali kupangwa upya, anakaa na injini jioni nzima akiifundisha kula. Kitufe cha plastiki kikivunjika hampigii mtu simu. Anakipima kwa skana na kukichapa kingine. Wazee wanaolalamika kwamba vijana wako kwenye kompyuta siku nzima wangekuja kuona huko kwenye kompyuta wanafanya nini.

Kuhusu sheria na mafuta, ambako ndiko mazungumzo mengi huishia, sina maneno mengi. Ujerumani imekuwa na namba maalumu yenye herufi H tangu mwaka 1997 kwa magari yaliyotunzwa vizuri na kufikisha miaka 30. Uingereza, tangu mwaka 2018, gari la miaka 40 ambalo halikubadilishwa sana halidaiwi ukaguzi wa kila mwaka, ingawa mimi nasema likaguliwe tu. Petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, iliyoanza kuwa ya kawaida huko mwaka 2021, kweli inakula mipira ya zamani na inavuta maji. Dawa yake ni kubadilisha mipira. Petroli yenye risasi ilipoondolewa tuliambiwa pia kwamba magari yamekwisha. Tukaweka viti vigumu vya valvu, safari ikaendelea. Kuhusu kung'oa injini na kuweka mota ya umeme, FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, linasema gari likishafanywa hivyo si la kihistoria tena. Mimi siwezi kumfanyia mtu kazi hiyo ikiwa injini yake ni nzima, lakini bodi iliyokutwa bila injini sioni kwa nini ioze.

Kinachoua magari haya kwa hakika ni kufichwa. Bei zilipopanda, watu walianza kuyaweka kama dhahabu, chini ya kitambaa, kilomita zisiongezeke. Gari si dhahabu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, nao huleta kutu ndani ya silinda. Petroli ikikaa huacha gundi kwenye jeti. Sili hukauka, tairi hupata bapa upande uliolalia. Tena gari lililofichwa halimfundishi mtu yeyote kuendesha, na haya yanataka kufundishwa. MGB za kabla ya mwishoni mwa mwaka 1967, kwa mfano, hazina sinkronaizi, yaani kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno, kwenye gia ya kwanza. Ukitaka kurudi gia ya kwanza gari likiwa bado linatembea, unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo ili meno yaende mwendo mmoja, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Hakuna maandishi wala video itakayokupa hilo. Mguu ndio unaojifunza, na lazima ujifunzie ndani ya gari la mtu.

Mzee mmoja aliniletea MGB ya mwaka 1965 iliyokaa miaka tisa chini ya turubai. Silinda za breki zilikuwa zimeganda, tangi lilinuka kama rangi ya kupaka, na orodha nzima niliyomwandikia haikuwa na kitu hata kimoja kilichoharibiwa na barabara. Nilimuuliza kwa nini hampi mjukuu wake, msichana anayemfuata kila anakokwenda na gari lile. Akasema ataua giaboksi. Nikamwambia giaboksi ile nimeifungua mwenyewe, meno yake ni mazima, na kelele kidogo haziwezi kuiua.

Siku ya kuchukua gari alifikiri sana, kisha akazunguka akakaa upande wa abiria. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza wakizunguka kiwanja. Kwenye kona ya kwanza gia ya kwanza ililia mpaka nikakunja uso, na nikamwona mzee amefumba macho. Kona ya pili ililia kidogo. Ya tatu sikusikia kitu, nikadhani ni masikio yangu, nikamgeukia binti yule wa kabureta. Akatikisa kichwa: haikulia.