Onja ndizi kwanza, sukari baadaye

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu mmoja, mama wa makamo anayekaa Makorora, alinijia asubuhi na kibakuli kilichofunikwa kwa sahani. "Mwalimu, leo nimekuja na kesi," akasema hata kabla hajakaa. Ndani mlikuwa na ndizi za nazi. Nikaonja. Tamu mpaka meno yaliuma. "Nimefuata karatasi yako. Sukari vijiko vinne."

Kweli, karatasi niliiandika mimi. Nafundisha lishe na mapishi ya nyumbani hapa Tanga, uani kwangu Ngamiani, na kila darasa nagawa karatasi. Ile niliiandika siku ambayo ndizi nilizopata sokoni zilikuwa za manjano, bado ngumu. Yeye alinunua zilizokwisha piga weusi ganda zima. Ni ndizi ileile ya mkono wa tembo, lakini kwa mpishi hivyo ni vyakula viwili. Ndizi mbichi imejaa wanga, na kadiri inavyoiva wanga ule unageuka sukari. Ile ya kwake ilikuwa imeshajitia sukari yenyewe, halafu karatasi yangu ikaiongezea vijiko vinne.

Nimeikata hiyo sentensi. Nazipitia na karatasi nyingine, maana kosa ni lilelile kote: niliandika kipimo kana kwamba tunda la Juni na la Desemba ni moja.

Ndizi za nazi sasa nazipika hivi. Chukua nazi moja uikune, kamua tui la kwanza uliweke pembeni, kisha ongeza maji kwenye machicha ukamue la pili. Menya ndizi, pasua kila moja kwa urefu, toa ule uzi wa katikati ukitaka, zipange sufuriani. Mimina tui la pili, iliki mbili tatu zilizopondwa (za kule Amani, milima ya Usambara, ukizipata, harufu yake haina mpinzani) na chumvi kidogo sana. Moto wa wastani mpaka ndizi zilainike na tui lipungue. Hapo ndipo uonje. Kama kweli zinataka sukari, kijiko kimoja, koroga, onja tena. Tui la kwanza linaingia mwisho, moto ukiwa chini, sufuria wazi, na mwiko hauachi kuzunguka. Tui ni mafuta yaliyoshikana na maji kwa msaada wa protini kidogo ya nazi. Likitokota kwa nguvu mshikamano ule unavunjika, linakatika, unabaki na mafuta yanayoelea juu ya maji ya kijivu. Yanalika, ila mgeni humpi.

Kwa nini naing'ang'ania sukari? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni gramu 50 hivi, yaani vijiko 12 vya chai. Linasema ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Sasa hesabu chai ya asubuhi ya kwetu, vijiko vitatu kikombe kimoja, na vikombe huwa viwili. Kabla jua halijapanda umeshaimaliza ile nusu nzuri. Kitafunio cha saa kumi kinatakiwa kipate utamu wake kwingine.

Na kwingine ni sokoni, ukijua mwezi gani uko. Chukua machungwa ya Muheza. Kuanzia Juni hivi yanashuka kwa magunia, na kila mwaka nakutana na mgeni wa bara anayeyakataa kwa kuwa ni ya kijani. Ukijani ule si ubichi. Ganda la chungwa hugeuka rangi likipata usiku wa baridi, na pwani baridi hiyo haipo, kwa hiyo chungwa linaiva ndani huku nje limevaa kijani. Lipime kwa uzito wa mkononi. Jepesi liache. Mtoto mpe la kumenya, ale na nyama yake nyeupe. Juisi ya machungwa manne inanyweka kwa dakika moja na nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye chujio.

Wanaonisumbua zaidi kuhusu misimu ni watu wa futari, na nawaelewa. Kila nyumba ina futari yake ya urithi na haitaki kuibadilisha. Lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, basi Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka na kuzunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi. Mwaka 2016 iliingia mwanzoni mwa Juni, machungwa yakiwa yanaanza kujaa barabarani. Mwaka 2024 na 2025 ilianza Machi, mawingu ya masika yakikusanyika. Mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari kisha tena mwishoni mwa Desemba, na zote zinaangukia kwenye maembe. Marehemu bibi yangu alifuturu muhogo wa nazi mwezi ambao muhogo ulikuwa mtamu. Mimi nikiupika katikati ya mvua kwa sababu tu bibi aliupika, namwonea bibi.

Muhogo wa masika una shida yake. Mvua ikinyesha mti unachipua majani mapya, na wanga uliohifadhiwa chini unatumika kuyalisha. Ukichemsha unakuwa kama sabuni, haupasuki, hauwi unga. Muulize muuzaji akukatie kipande ukione. Mwenye muhogo mzuri hakatai. Wakati wowote wa mwaka menya ganda lote, na lile la ndani la waridi, kwa kuwa muhogo una kemikali zinazotoa sianidi na nyingi zimekaa kwenye maganda. Chemsha bila kufunika, mwaga maji ya kwanza, ndipo utie tui. Ukiuma kipande kikawa kichungu, tema. Usijaribu kuufunika uchungu kwa nazi. Mvua zikizidi mimi nahamia kwenye shelisheli, likiwepo: likiwa gumu lipike kama kiazi, likilainika lina utamu wake lenyewe na sukari hailihusu.

Bajia za kunde nazo wengi wanadhani hazina msimu kwa kuwa kunde ni kavu. Zina msimu. Kunde mpya inarowa upesi na ganda linavuka kwa kusuguliwa tu. Iliyokaa ghalani mwaka mzima, kwa joto na unyevu wetu huu, inakuwa kaidi: unairoweka usiku kucha na bado ina kiini kigumu. Ndiyo maana bajia za jirani ni laini na zako zina chenga, na wala hakuna mtu aliyekuroga.

Nusu kilo inatosha watu sita. Roweka, sugua kwa viganja, mwaga maji na maganda yanayoelea, rudia mpaka zibaki nyeupe. Saga kwa maji kidogo mno, kijiko kimojakimoja, maana rojo likiwa jepesi halirudi nyuma, na ukilikazia kwa unga wa ngano umeshapika andazi. Sasa sehemu ambayo watu wanairuka: lipige. Mkono au mwiko, upande mmoja, dakika tano nzima, mpaka ulione limepauka na kuvimba. Unaingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi ya hamira. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji. Likielea acha, likizama endelea kupiga. Kitunguu, pilipili, kitunguu saumu na kotmiri viingie hapo. Chumvi mwisho kabisa, karai likiwa tayari jikoni, kwa kuwa chumvi inavuta maji kwenye kitunguu na rojo linalegea ukiliangalia.

Mafuta yawe ya moto kweli. Tone likizama likabaki chini, bado; likipanda mara moja na povu pembeni, tia. Mafuta ya uvuguvugu yanaingia ndani ya bajia kabla ganda halijakaza, na hapo ndipo bajia zinapata jina baya. Kunde kavu ina protini karibu robo ya uzito wake, na madini ya chuma pia. Chuma hicho mwili unakichukua vizuri zaidi kikiambatana na vitamini C, kwa hiyo chatne ya embe bichi au ndimu pembeni si pambo. Chai ya rangi ndiyo inayokizuia. Najua bajia bila chai ni mtihani. Isubirishe saa moja.

Maembe yakija, kuanzia Novemba, nyumbani kwangu hapakai kitu kingine. Barafu za watoto nazitengeneza kwa bolibo zilizoiva mpaka zinabonyea: ponda, chuja nyuzi, maji kidogo, punje za chumvi, funga kwenye vifuko, gandisha. Jambo moja la kujua. Ubaridi unapunguza utamu ulimini, ndiyo maana wauza barafu wanamimina sukari kama mchanga. Kwa hiyo chagua embe ambalo likiwa na joto la kawaida linakaribia kukukinaisha. Likiganda litakuwa sawasawa.

Yule mama wa Makorora nilimpa dawa ya kibakuli chake: aongeze tui zito lisilo na kitu, chumvi kidogo, na ndizi mbili ngumu zilizochemshwa pembeni. Jioni alinitumia ujumbe kwamba zimeliwa zote, ila mumewe anauliza zile tamu za asubuhi zimekwenda wapi.