Grafu Kulala Juu ya Picha Bado Si Modeli

Kila msimu wa miradi napokea kazi za aina ileile: mwanafunzi ameingiza katika GeoGebra, programu ya kuchora grafu, picha ya daraja au ya mnyororo unaoning'inia, amesogeza vitelezi vya a, h na k, yaani namba za mlinganyo y = a(x − h)² + k, mpaka parabola ikalala juu ya picha, kisha ameandika kwamba amethibitisha hisabati iliyomo katika maisha halisi. Walimu wengi hulipokea hitimisho hilo bila swali. Mimi silikubali, na nimechoka kulieleza jambo hili pembezoni mwa karatasi za wanafunzi.

Vitelezi vitatu vinatosha kuilaza parabola juu ya karibu kila umbo laini lenye bonde moja lisilo na kina kirefu. Polinomia ya digrii 5 hupita katika nukta zozote 6, mradi thamani zao za x zitofautiane, hata kama nukta hizo zimetupwa ovyo. Kwa hiyo kule kulingana kwa grafu na picha hakujasema lolote kuhusu kitu chenyewe.

Mnyororo ndio unaonikera zaidi. Mwaka 1638 Galileo aliandika kwamba umbo lake hukaribia parabola, na alikuwa sahihi kusema hukaribia. Wanahisabati Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli walitoa jibu kamili mwaka 1691: umbo hilo ni katenari, ambayo leo tunaiandika kwa kosaini ya haipaboli. Chukua mnyororo ulioshikiliwa kwenye nukta mbili zilizo katika kimo kimoja, umbali wa mita 2, ukashuka katikati kwa sentimita 54. Parabola inayopita katika kipeo chake, yaani nukta yake ya chini kabisa, na ncha zake zote mbili itatofautiana nao kwa takriban milimita 11 pale inapoachana nao zaidi, yaani kama sentimita 70 kutoka katikati. Rula inaiona tofauti hiyo bila shida, lakini katika picha iliyopunguzwa ikaenea kwenye skrini inamezwa na unene wa mnyororo wenyewe, na R², kipimo cha jinsi grafu inavyolingana na vipimo, itatoka karibu sana na 1 bila kumwonya mtu yeyote.

Kebo kuu ya daraja la kuning'inia ina habari nyingine. Huko mzigo mkubwa ni barabara, nao umesambaa takriban sawasawa kwa kila mita ya mlalo, ilhali uzito wa mnyororo umesambaa kwa kila mita ya urefu wa mnyororo wenyewe. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoigeuza katenari kuwa parabola. Hapo a inapata maana: ni mzigo wa kila mita ukigawanywa kwa mara mbili ya kani ya mvutano wa mlalo katika kebo. Mwanafunzi anayeandika a = 0.37 bila kutaja kipimio, bila kueleza mizani ya picha yake, ameandika namba ya skrini wala si namba ya daraja.

Kuhusu kamera nitasema kwa ufupi: parabola iliyopigwa picha kwa pembe si lazima ibaki parabola, kwani inaweza kuonekana kama sehemu ya duaradufu. Piga picha ukiwa mkabala, au pima kwa mkono.

Ninachodai ni kwamba mwanafunzi aanze na sababu ya umbo, ndipo afungue programu; atenge baadhi ya vipimo asivitumie kutafuta vigezo, kisha aone kama modeli yake inavitabiri; na aseme mapema ni kosa la ukubwa gani litakalomfanya aikatae.

Hata hivyo, mnyororo ukikazwa sana, ile tofauti ya parabola na katenari hupungua mpaka rula nayo ishindwe, na wahandisi hutumia parabola kwa kebo za namna hiyo kwa haki kabisa. Basi mwanafunzi aliyeichagua parabola kwa sababu amepima, akaona inatosha, na yule aliyeichagua kwa sababu ndiyo fungsheni pekee anayoijua wataniletea mlinganyo uleule, grafu ileile na kosa lilelile. Mwongozo wa kusahihisha ninaoutumia huwapa alama sawa. Mpaka sasa njia pekee niliyo nayo ya kuwatofautisha ni kuketi na kila mmoja na kumuuliza nini kingebadilika kama mnyororo ungelegezwa, na sina hakika kwamba kipaji cha kujieleza hakiingii katika alama ninazotoa baada ya mazungumzo hayo.