Kabla ya Kuvisha W126 Rimu Mpya, Pima Tundu la Katikati

Mzee mmoja aliniletea Mercedes W126, ile S-Class iliyotengenezwa kuanzia 1979 hadi 1991. Alikuwa ameivisha rimu mpya za inchi 16, na kila alipofika kilomita 80 kwa saa kwenye Thika Road, usukani ulimtetemeka mikononi. "Fundi, hii gari imefanyiwa balansi mara tatu na bado," akaniambia. Nikazivua zote nne. Hakuna iliyopinda. Nilipopima tundu la katikati nikapata milimita 73.1, na habu ya gari hilo, ile sehemu ya katikati ambayo rimu hukalia, ni 66.6.

Watengenezaji wengi wa rimu za kuongezea, yaani zisizotoka kiwanda cha gari, huacha tundu kubwa ili rimu moja iingie magari mengi. Lakini hapo hubaki nafasi ya zaidi ya milimita 3 kuzunguka habu. Rimu haikalii habu tena, inaning'inia kwenye boliti, na ukikaza upande mmoja kwanza inahama. Mashine ya balansi haiwezi kuliona kosa hilo, kwa sababu yenyewe huishika rimu katikati kwa koni yake. Mzee alikuwa amelipia kazi isiyohusika. Dawa ilikuwa pete nne za 73.1 kwa 66.6, za kujaza nafasi kati ya tundu na habu. Mimi huchagua za aloi, maana breki za gari zito kama hili huchemka sana na plastiki hailipendi joto. Zipake grisi kidogo zisije zikagandana na habu.

Jambo la pili ni duara la boliti, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya boliti. Ukizunguka Grogan, kule kwa vipuri Nairobi, utaonyeshwa rimu nzuri za matundu matano zilizotoka kwenye Toyota. Duara la Mercedes hii ni milimita 112, la saluni nyingi kubwa za Toyota ni 114.3. Tofauti hiyo jicho halioni, na boliti mbili tatu zitaingia kweli. Zinazobaki zitaingia kwa kulazimishwa, zikae kiupande, na boliti iliyokaa kiupande hulegea. Rimu za namna hiyo sifungi, hata mwenye gari akisema anabeba lawama.

Kisha kuna kitako cha boliti, ile sehemu chini ya kichwa inayokaa kwenye rimu. Boliti asili za Mercedes zina kitako cha mviringo, rimu nyingi za kuongezea zinataka cha koni. Nikishuku, napaka kitako wino wa maka, nakaza kwa mkono tu, kisha nafungua. Wino ukiwa umefutika mkanda mpana kuzunguka kote, imekaa. Ukifutika mstari mwembamba kama uzi, hiyo si boliti ya rimu hiyo. Hesabu pia mizunguko: boliti hizi ni za milimita 12, nyuzi zikiachana milimita 1.5, nami nataka izunguke angalau mara 8 kabla ya kushika. Mwisho nakaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, Nm (nyutoni-mita) 110, kwa mtindo wa nyota.

Kuhusu ukubwa, kwa barabara zetu mimi huishia inchi 16. Tairi ya kawaida ya 205/65 R15 ina kimo cha milimita 647 hivi. 225/55 R16 ina 654, kwa hiyo spidi haidanganyi sana, na ubavu wa tairi bado unabaki milimita 124 za kupokea shimo. Ukienda 225/40 R18 unabaki na 90, na rimu italipia. Soma pia namba ya ET iliyopigwa ndani ya rimu: ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Ya asili ya inchi 15 ni 7J (upana wa inchi 7) ET25. Ukifunga 8J ET35, ukingo wa ndani unasogea karibu milimita 23 kuelekea shokomzoba.

Mzee aliporudi kuchukua gari nilimfungia boliti tano za zamani kwenye kitambaa, nikaziweka kando ya jeki. Spea yake bado ni rimu ya asili. Boliti ndefu za rimu mpya zikikazwa kwenye spea hiyo ikiwa imefungwa nyuma zinaweza kupita habu na kugusa viatu vya breki ya mkono.