Kabla Hujaleta Kipande cha Babu Makumbusho

Kila Mei 18, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inapokaribia, mlangoni petu hapa makumbusho hupanga foleni watu wa aina mbili: wanafunzi wenye sare, na watu wazima waliobeba kitu ndani ya mfuko wa nailoni, ule ule uliopigwa marufuku nchini Kenya 2017. Wanafunzi wana walimu wao. Makala hii ni ya wenye mifuko.

Malalamiko yameongezeka tangu tuanze kuzunguka mitaani siku za Jumamosi, Kaloleni, Pumwani, Makongeni, kukusanya kumbukumbu za familia za Nairobi. Wengine wanasema tunachukua mali ya watu bure. Wengine wanasema tumeikataa mali yao. Naamini wote wana nia njema, na ndiyo maana nataka kueleza utaratibu wenyewe ulivyo.

Nianze na pesa, kwa kuwa ndilo swali la kwanza hata kabla ya salamu. Hatununui sarafu. Rupia, florini ya 1920, shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, senti zenye tundu katikati: zilitengenezwa kwa wingi, zikatumika kwa wingi, na droo zetu zinazo za kutosha. Mtu akikuambia kuna tajiri anayeisubiri hiyo yako kwa mamilioni, na kwamba wewe utoe tu "ada ya kupima", hiyo ada ndiyo biashara yenyewe. Na ndani ya redio ya mbao au cherehani ya nyanya yako hamna zebaki nyekundu, ile matapeli wanayodai ni ya mamilioni. Nimeshalisema hili mara nyingi mno, na bado wiki haipiti bila mtu kuniletea redio iliyofumuliwa. Redio nzima tungeipenda. Sasa ni mbao na nyaya.

Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Mwaka wa kukumbuka humo ni 1895, ambao pia ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya hapo kinahesabiwa kuwa kitu cha kale. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki zina mwaka wao, 1946. Ukichimba msingi wa nyumba au shimo la choo ukakuta vyungu, mifupa iliyogeuka jiwe au zana za mawe, unatakiwa utoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba, ukieleza ni wapi hasa na ilikuwaje. Usiendelee kuchimba. Usikioshe. Kitu cha kale kilichomo ardhini ni mali ya Serikali, hata kama hati ya shamba ina jina lako. Kwenda kutafuta makusudi bila leseni ni kosa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa jingine. Hukumu ni faini au kifungo, au vyote viwili. Kuna wanaodhani kibali cha kusafirisha ni kwa ajili ya wafanyabiashara wakubwa tu. Hapana. Hata mgeni wako anayeondoka uwanja wa ndege wa JKIA na zawadi ndani ya sanduku anahusika, ikiwa zawadi hiyo ni kitu cha kale.

Ila vitu vingi vinavyotufikia Nairobi havina umri huo. Vinaangukia upande wa pili wa 1895, na vingi ni vya familia: picha za harusi, kitambulisho cha reli, pasi ya makaa, kipande, yaani kile cheti cha utambulisho cha enzi za ukoloni. Sheria ya kipande ilitungwa 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wanaume Waafrika wakakibeba ndani ya kikebe cha bati shingoni, alama za vidole na majina ya waajiri yakiwa mle. Kipande cha babu yako ni chenu. Hakuna anayeweza kukulazimisha kukitoa.

Ukiamua kukitoa, utapewa kwanza stakabadhi ya muda. Stakabadhi hiyo inaonyesha tu kwamba kitu kimo mikononi mwetu. Bado ni chako. Kisha kamati ya ukusanyaji inakaa, na hapa ndipo watu hukasirika, kwa sababu kamati huweza kukataa. Hukataa kitu ambacho tayari tunacho kumi, kitu ambacho hatuna uwezo wa kukitunza, na hasa kitu ambacho mwenyewe hajui kilitoka wapi. Kikikubaliwa, unatia sahihi hati ya makabidhiano. Isome. Ukishatia sahihi, kitu si chako tena, na mpwa wako akija miaka mitano baadaye kukidai, tutamwonyesha sahihi yako. Baada ya hapo kinapewa nambari ya usajili, na kama ni mbao, ngozi au kitambaa kinaingia friza wiki mbili ili wadudu wafe. Ndiyo, friza. Hatuhifadhi nyama humo.

Swali la "umekipata wapi" huwaudhi wengi, wakidhani tunawashuku wizi. Sababu ni nyingine. Mnamo 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kimijikenda kando ya vigango viwili, nguzo za mbao za kuchongwa za kuwakumbuka wafu, alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango vikaibwa. Vilikuja kuonekana katika mikusanyo ya makumbusho huko Marekani, na 2007 vikarejea Kenya, kwa sababu picha ile ilikuwepo na hakuna aliyeweza kubisha. Vingine 30 ambavyo makumbusho ya Denver yalikubali kuvirudisha havikuwa na bahati ya picha ya namna hiyo. Ni kazi ngumu kujua kila kimoja ni cha boma gani. Wenzetu walipoorodhesha vitu vya Kenya vilivyomo katika taasisi za nje walifikia zaidi ya 32,000. Basi tukikuuliza kitu kimetoka wapi, tujibu tu. Andika chini usije ukasahau.

Andika kwa penseli, nyuma ya picha, pembeni, kwa wepesi. Si kalamu ya wino. Na tafadhali, tafadhali, acha kupeleka vyeti vya zamani dukani vikafanyiwe lamineti. Ule moto na gundi huingia ndani ya karatasi, na hatuna njia salama ya kuutoa. Usibandike seloteipu. Usisugue sarafu kwa majivu au brasso ili ing'ae. Bahasha ya karatasi na mahali pakavu panatosha.

Karatasi za serikali, barua na madaftari ya ofisi mahali pake ni Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, kwenye lile jengo lililokuwa benki. Viingilio vya makumbusho ya Serikali hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa Serikali wa mtandaoni, nambari 222222, kwa hivyo usimpe mtu yeyote pesa taslimu. Jumamosi za mitaani ni bure.

Mwezi uliopita mzee mmoja alitujia pale Kaloleni na kipande cha baba yake, bado kimo ndani ya kikebe. Nilimweleza yote niliyoyaeleza hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, mkishakifungia huko, wajukuu zangu watakiona lini?"

Sikuwa na jibu zuri. Sehemu kubwa ya vitu tulivyo navyo imo ghalani, na ghala hufunguliwa kwa miadi. Nikamwambia hivyo. Tukakipiga picha kipande pande zote, tukamrekodi kwa dakika arobaini akipitia majina ya waajiri mmoja baada ya mwingine: huyu mkali, huyu halipi kwa wakati, huyu alimwachia baba baiskeli. Fomu ya kukubali kurekodiwa, ile inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, aliitia sahihi. Ya makabidhiano akairudisha mezani, akakifunga kikebe ndani ya kitambaa, akaenda zake.